Jinsi Tulivyoidai Sauti Yetu Garsen

Everline Kavumbi,
S.L.P. 17,
Garsen.

21 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Gladys,

Shikamoo, Shangazi. Hujambo huko? Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba baridi ya Winnipeg imekupa likizo ya miezi miwili mitatu upumue. Na goti je? Tuliposikia umeanza kupanda ngazi za hospitali bila kushika ukuta tulifurahi mno. Sisi huku hatujambo. Joto ni lilelile, mbu ni walewale, na Mungu ni yuleyule.

Baba yuko Wenje na bado analima. Macho yanamsumbua kidogo, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama mpunga nao utapumzika. Mume wangu Ngumbao bado anatengeneza pampu za maji hapa Garsen. Binti yetu, yule tuliyempa jina la bibi, Pauline, ameng'oka meno mawili ya mbele na kila akisema "samaki" anapiga mluzi.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza mara tatu: mbona niliacha kukutumia zile sauti zangu kwa simu, nikawa naandika maneno mawili tu, "Tuko salama". Sikuwa nimekukasirikia, Shangazi. Nilikuwa naiogopa sauti yangu mwenyewe. Nilisema sitakueleza mpaka mambo yafike mwisho, kwa sababu habari ya nusu humnyima usingizi aliye mbali. Sasa yamefika mwisho, tena mwisho mwema, kwa hivyo kaa vizuri nikusimulie.

Ilianza Agosti ya mwaka 2023. Griffin, yule aliyekuwa karani wa chama cha wakulima, alikuja kanisani tukitoka ibada. Unajua mimi ndiye niliyekuwa nasoma matangazo kila Jumapili. Akaniambia kuna kampuni Nairobi inaitwa Zumari, inatafuta watu wanaosoma vizuri Kipokomo na Kiorma. Wanataka kuzifundisha kompyuta lugha zetu, kwa hii akili bandia ambayo dunia nzima inaizungumzia. Tulichaguliwa watu sitini na watatu, kutoka Ozi mpaka Hola. Kwa upande wa Kiorma, aliyesoma vizuri kuliko wote alikuwa Darmi Godana, muuza maziwa wa hapa sokoni. Tulikuwa tunajuana kwa kununua na kuuza tu. Tangu yale mapigano ya miaka ile kati ya watu wetu Wapokomo na wao Waorma, wengi walibaki wakisalimiana kwa mbali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Unajifungia chumbani, unaziba dirisha kwa blanketi jogoo asisikike, halafu unaisomea simu sentensi moja baada ya nyingine huku jasho linakutiririka. Sentensi elfu tatu! Mara "Ng'ombe mweupe amevuka daraja," mara "Je, una maumivu ya kifua?" mara "Bonyeza mbili kurudi mwanzo." Tulilipwa shilingi elfu kumi na mbili kila mmoja na tukatia saini karatasi iliyosema sauti zetu zitatumika kwa shule na hospitali. Nakala hatukupewa, wala hatukuuliza. Nakwambia kweli, niliona fahari. Nilijisemea: mtoto wa Wenje ataumwa siku moja, atapiga simu, na mashine itamjibu kwa lugha ya mamaye.

Mwezi wa Novemba ukaja mto. Hayo unayajua, wewe mwenyewe ulitutumia blanketi. Nyumba yetu ilikwenda na maji pamoja na kitanda, kabati na vitabu vya watoto wa chekechea ninaowafundisha. Tukahamia chumba kimoja cha kupanga karibu na stendi.

Ilipofika Septemba ya mwaka jana, asubuhi moja nikiwafundisha watoto kuhesabu, nilimwona Baba mlangoni. Amevaa gambuti zenye tope la shambani. Hajapiga simu kwamba anakuja. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza, "Nani amekushika?"

"Hakuna aliyenishika, Baba. Karibu ukae."

"Usinifiche. Jana jioni ulinipigia simu ukisema mafuriko yanakuja, nibonyeze moja nilinde shamba. Nikakuuliza, mwanangu, mbona hunisalimii? Hukujibu. Nikakuuliza Pauline yuko wapi. Hukujibu. Ulikuwa unarudia tu, bonyeza moja, bonyeza moja. Nikajua kuna watu wamekushikia panga shingoni. Nikabonyeza. Nilibonyeza mara nyingi, wakuachilie."

Shangazi, nilikaa chini pale pale kwenye kibenchi cha watoto. Nikamwambia mimi sikumpigia. Akatoa simu yake, akaniwekea. Namba ileile ilikuwa imepiga tena alfajiri, na safari hii alikuwa ameirekodi kwa msaada wa jirani. Ilikuwa sauti yangu. Kipokomo changu. Hata ile pumzi ninayovuta kabla ya neno refu ilikuwamo. Lakini maneno yale sijawahi kuyasema maishani mwangu.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Zumari waliikodisha sauti yangu kwa kampuni moja ya bima. Ukibonyeza moja, unahesabiwa umekubali bima ya mafuriko, na unakatwa shilingi ishirini kila siku kwenye simu yako. Mashamba ya watu yalipoliwa na maji mwezi uliofuata, hakuna aliyelipwa hata senti. Na watu walikuwa wamebonyeza kwa mamia, kwa sababu waliisikia sauti waliyoizoea kanisani. Walisema, kama ni Mwalimu Everline, si uongo.

Unaweza kubahatisha kilichofuata. Mbodze, mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, alinisimamisha sokoni mbele ya watu wote. "Mwalimu, umetuuza bei gani?" Nikaeleza, lakini utamweleza nini mtu aliyekusikia kwa masikio yake? Katika watoto thelathini na mmoja nilibaki na tisa. Kanisani waliniomba kwa upole nipumzike kusoma matangazo. Nikapumzika. Kuimba nikaacha. Nyumbani nikawa naongea kwa kunong'ona, mpaka Ngumbao akaniuliza kama koo linaniuma. Ndiyo miezi ile ulipokuwa unangoja sauti yangu, Shangazi.

Siku moja Darmi akapiga hodi. Alikuwa na mtungi wake wa maziwa begani. Hakungoja kukaribishwa, aliketi kwenye mkeka, akaniangalia, akasema, "Wewe pia wamekuiba?"

Nikasema, "Wewe pia?"

"Mimi nimeupigia simu ukoo mzima wa mume wangu. Mpaka shemeji aliye malishoni na ng'ombe. Wazee wamekaa kikao. Wanamuuliza, Abduba, mke wako amekuwa wakala wa bima lini?" Akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Tulilia sote wawili. Kisha akanimiminia maziwa, tukanywa, akasema, "Basi. Machozi yametosha. Twende wapi?"

Tulianza kwa Griffin. Simu yake imezimwa. Tukawaandikia Zumari, wakatujibu kwa Kiingereza kizuri sana kwamba rekodi zote ni mali yao. Ndipo mtu akatuelekeza Hola, kwa wakili mmoja anayeitwa Bishara, anayewasaidia wanyonge bila kuwatoza. Ni mwanamke mwembamba, anaongea polepole, lakini ukimaliza kumweleza jambo unakuta ameshaandika kurasa mbili.

Bishara alitufunulia gazeti. Kampuni kubwa ya ng'ambo ilikuwa inataka kuinunua Zumari kwa dola milioni arobaini. Nikamuuliza Zumari wana nini cha thamani hiyo. Wana jumba? Wana mitambo?

"Wamepanga vyumba viwili tu," akasema. "Wanachouza ni rekodi za watu katika lugha kumi na moja. Mashine za akili bandia zina njaa ya lugha, na lugha kama zenu hazipatikani kwenye mtandao. Ndiyo maana walikuja mpaka huku."

Darmi akafikiri kidogo. "Kwa hivyo sisi ndio duka."

"Nyinyi ndio bidhaa," Bishara akajibu. "Lakini hamjui bei yenu."

Alitueleza kwamba ugomvi huu hauko Garsen peke yake. Huko kwenu waandishi, waimbaji na wachoraji wako mahakamani wakisema kazi zao zimelishwa mashine bila ruhusa, na wenye kampuni wanatajirika kabla hata hakimu hajakaa kitini. Pesa zinazozunguka huko ni nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hajui zinatamkwaje. "Lakini," akasema, "pesa nyingi zina woga. Mnunuzi akisikia kuna kesi juu ya sauti hizi, atarudisha mkono mfukoni." Novemba tukapeleka malalamiko yetu kwa ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu.

Na kweli, Shangazi, Februari gari jeupe likaingia Garsen. Meneja wa Zumari, mama mmoja mwenye manukato ya kupendeza, alikuja na wakili wao. Wakatualika hotelini, mimi na Darmi tu. Tuliagiziwa samaki wa kupaka ambaye hatukumgusa. Meneja akasukuma karatasi mbili mezani. Kila mmoja wetu angelipwa shilingi milioni mbili. Tulichotakiwa ni kuondoa malalamiko na kutia saini kwamba sisi, kwa niaba ya wasomaji wote, tulikubali sauti zitumike kwa biashara yoyote.

Sitakudanganya, nilishika kalamu. Niliiona nyumba, mabati yake na milango yake. Nilimwona Baba kwa daktari wa macho. Nikauliza, kwa sauti ndogo tu, "Na wale wengine sitini na mmoja?"

Meneja akatabasamu. "Hao si lazima wajue."

Kalamu ikawa nzito kama mchi. Nikafikiria siku ambapo watu hao wangesikia huko mashambani sauti zao zikiuza wasichokijua, na mimi nikiwa nimetia saini. Nikaiweka chini. Nikasema, "Mama, mimi nilishaitwa mwizi kwa kosa lisilo langu, nikaumia hivi. Nikiitwa kwa kosa langu, nitaishi vipi?"

Wakili wao akamgeukia Darmi, akidhani labda huyu ana njaa zaidi. Darmi akajifunga mtandio wake, akasimama. "Mimi nauza maziwa," akasema. "Midomo ya watu siuzi."

Tukatoka. Niliogopa kumwambia Ngumbao, kwani ni yeye aliyekuwa akilala na mguu mmoja nje ya kitanda ili mtoto apate nafasi. Nilipomweleza aligeuzageuza bisibisi mkononi. Halafu akasema, "Nyumba nitajenga. Jina sijui linajengwaje." Akaendelea na pampu yake. Siku hiyo nilimpenda upya.

Kikao kikawekwa tarehe ishirini na sita Machi, katika ukumbi hapa hapa Garsen, mbele ya jopo la watu watatu kutoka Nairobi. Hujawahi kuona watu wengi hivyo tangu mazishi ya babu. Walitoka Wenje, Ozi na Hola. Asubuhi Waorma walikaa upande wao na sisi upande wetu, kama kawaida. Baba aliketi safu ya mbele na shati lake la harusi yako.

Wakili wa Zumari alikuwa hodari, lazima niseme. Alionyesha karatasi zenye saini zetu zote, na katikati yake mstari uliosema "matumizi yoyote ya kibiashara". Saini ilikuwa yangu kabisa. Ule mstari sikuwahi kuuona, lakini ningethibitishaje?

Akamwita Darmi. "Ulitia saini au hukutia?"

"Nilitia."

"Basi unalalamikia nini?"

Darmi akamtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyemwaga uji. "Nikikuazima ng'ombe wangu ukamue, nikirudi nikute umemchinja, utaniambia, 'Lakini ulinipa kamba mwenyewe'?"

Ukumbi ulicheka pande zote mbili, hata mwenyekiti wa jopo alishusha uso kwenye makaratasi. Lakini kicheko si ushahidi, na Bishara alijua hilo. Niliona anatazama mlangoni. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa Griffin mara tatu, na mara tatu Griffin alikataa kutoka nyumbani.

Safari hii alikuja. Alisimama mlangoni na gunia la mahindi mkononi, amekonda, hamwangalii mtu. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akalifungua gunia, akatoa bahasha za plastiki. Ndani yake zilikuwa zile karatasi za kwanza, sitini na tatu, na saini zetu kwa wino, na maneno yaleyale tuliyoyakumbuka: kwa shule na hospitali. Ule mstari wa biashara haukuwamo. Ulipachikwa baadaye kwenye kompyuta.

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini alikuwa nazo.

"Niliambiwa nizipige picha nizitume, kisha nizitupe," Griffin akasema. "Mimi nimekuwa karani miaka ishirini, mheshimiwa. Karani hatupi karatasi." Halafu akatugeukia. "Mimi ndiye niliyewapeleka kwa watu hawa. Niliona aibu, nikajificha. Nisameheni." Nilimwitikia kwa kichwa.

Wakili wa Zumari bado hakukata tamaa. Akasema hata hivyo sauti ile si yangu wala ya mtu yeyote, ni ya mashine, imechanganywa kutoka kwa watu wengi kama pilau. Walikuwa wamekuja na kompyuta na fundi wao kuwaonyesha wakubwa ubora wa kazi. Bishara akasimama taratibu.

"Fundi, mashine yenu inaweza kusema sentensi yoyote? Hata ambayo hakuna aliyewahi kuisoma?"

Fundi akajibu kwa majivuno, "Yoyote, mama. Ndiyo kazi yake."

Bishara akanipa kipande cha karatasi. Niliandika kwa Kipokomo maneno machache, nikampa. Fundi hajui Kipokomo, akaandika herufi kama zilivyo, akabonyeza. Spika kubwa zikanguruma, kisha sauti yangu ikajaa ukumbi, safi kama Jumapili:

"Mimi ni Everline binti Kavumbi, wa Wenje. Sikukubali."

Baba akasimama, akaegemea fimbo yake, akaelekeza kidole kwenye ile spika. "Huyo ni mwanangu! Nilimsikia siku aliyozaliwa, na leo namsikia. Mnamwita mashine?"

Shangazi, ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aligonga meza akachoka. Kisha fundi, masikini, akaamriwa aandike na maneno ya Darmi kwa Kiorma. Spika ikasema, "Mimi ni Darmi, mke wa Abduba. Maziwa yangu nimeuza. Sauti yangu sijauza." Wazee wa Kiorma, walewale waliomkalia kikao, walisimama wote wakipiga fimbo sakafuni. Mmoja akamwambia Abduba kwa nguvu kwamba amejaliwa mke. Tulipotoka nje, hakuna tena aliyejua upande wa nani ni upi. Watu walichanganyika, kila mtu akisimulia alichokiona kana kwamba mwenzake hakuwepo.

Uamuzi ulitoka Jumatano moja ya mwezi uliopita. Bishara alipiga simu tukiwa kwa Darmi sokoni, nikaiweka kwenye spika, soko zima likanyamaza, hata wauza samaki. Zumari wafute sauti zetu mbili kwenye mashine zao ndani ya siku thelathini na waonyeshe ushahidi. Kila msomaji alipwe fidia, wote sitini na watatu, si sisi wawili tu. Kampuni ya bima irudishe kila shilingi iliyokatwa. Na rekodi zetu zisiuzwe tena popote bila ruhusa mpya, iliyoandikwa kwa lugha ambayo mwenye sauti anaielewa. Sikumbuki nani alianza kupiga vigelegele. Nakumbuka tu kwamba nilikuwamo, na vyangu vilikuwa vya juu kuliko vyote.

Na bado hatujamaliza raha. Yule mnunuzi wa ng'ambo alisema hatoi hata dola moja mpaka Zumari wapatane na wenye sauti katika lugha zote kumi na moja. Kwa hivyo yule meneja wa manukato alirudi, safari hii bila hoteli. Alikaa kwenye mkeka wa Darmi, akanywa maziwa, akasoma mkataba tuliouandika sisi. Anayetaka sauti yetu aombe, aseme kazi yake, na sehemu ya mapato irudi kwetu. Za kamari hatutoi. Za siasa hatutoi. Za kuwatisha watu hatutoi. Akasoma mpaka mwisho, akatia saini, nasi tukatia. Bishara anasema wasomaji wa lugha nyingine wameanza kumpigia wakitaka nakala, mmoja kutoka Turkana, mwingine kutoka Taita.

Tumeunda chama. Darmi ni mwenyekiti, mimi ni katibu, na Griffin tumemrudishia ukarani wake. Kila karatasi anatoa nakala tatu, na ukimsogelea bila kunawa mikono anakufokea. Ombi la kwanza tulilokubali ni la ujumbe wa kuwakumbusha mama wajawazito siku zao za kliniki, kwa Kipokomo na Kiorma. Sentensi ya kwanza tuliiandika wenyewe: inaanza kwa salamu. Baba ndiye aliyelisisitiza hilo. Alisema mashine isiyosalimia isiingie Wenje.

Jumamosi tulifanya sherehe. Abduba alichinja fahali, akina mama wa kwetu wakaleta wali na ndizi za kukaanga, na Waorma na Wapokomo wakala kwenye sinia moja mpaka jioni. Nilimwona Baba na mzee mmoja wa kifugaji wakibishana kuhusu mvua kama marafiki wa utotoni.

Watoto wamerudi, sasa nina thelathini na wanne. Mbodze alimleta wake Jumatatu. Hakusema samahani. Alisema, "Mwalimu, huyu ameanza kuandika nne kama kiti kilichoanguka. Mrekebishe." Akaniachia kuku mlangoni, akaenda zake. Nimemsamehe, na kuku nimemla.

Jumapili nilisimama tena kusoma matangazo. La kwanza lilikuwa la mbuzi wa mzee wa kanisa aliyepotea, mweusi, sikio moja limekatika. Nililisoma kama zaburi. Watu walipiga makofi, na nasikia mbuzi mwenyewe amepatikana.

Nyumba tumeanza. Msingi uko Minjila, kwenye ardhi ya juu ambako maji hayafiki, na Ngumbao anachanganya saruji mwenyewe kila jioni. Kuna chumba tunachokiita cha Shangazi. Dirisha lake linatazama upepo. Baba naye ana miadi na daktari wa macho mwezi ujao.

Msalimie sana mjomba Tom na watoto. Waambie binamu zangu kwamba wakikutana na mashine inayosema Kipokomo huko, waiulize kwanza ruhusa imetoka kwa nani. Wote huku wanakusalimu: Ngumbao, Pauline wa meno mawili, na Darmi, ambaye hajakuona lakini anakuita dada. Mungu akulinde unapoingia na unapotoka kazini, akupe nguvu za kuwauguza watu wa mbali kama ulivyotuuguza sisi.

Baba amekaa hapa kando yangu, ananizuia nisifunge bahasha. Anataka niandike neno lake kama alivyolisema, bila kulipamba. Anasema: "Mwambie dada yangu, walikuja na kompyuta, wakarudi na adabu."

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,

Everline